Chakula cha Masieda kinavyopoteza jina kabla ya kumfikia mlaji wa mjini

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam, Arusha na miji mingine nchini hawahitaji kufundishwa kulipia zaidi chakula wanachokiamini. Kuku wa kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko kuku wa kisasa, na bado hana shida ya mnunuzi. Mchele ukitajwa kuwa umetoka Kyela huchukuliwa haraka, na asali ikitajwa kuwa ni ya Tabora haihitaji maelezo marefu.

Hali ni tofauti kwa gunia la maharage au mahindi linalotoka Masieda, mojawapo ya kata za Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara. Likifika katika soko kubwa la mjini, gunia hilo halina jina. Limekwishachanganywa na mengine, limepita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, na anayelinunua hana njia ya kujua kama mazao yaliyomo yalikuzwa kwa samadi ya ng'ombe au kwa dawa na mbolea za viwandani.

Kwa mlaji, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa familia inayolima ekari chache huko Mbulu ni suala la maisha, kwa kuwa kazi isiyolipwa haidumu. Iwapo soko halitofautishi zao lililokuzwa kwa samadi na lile lililokuzwa kwa njia ya mkato, ipo siku kijana atakayerithi shamba atajiuliza kwa nini abebe samadi begani.

Shamba linaloanzia zizini

Kilimo cha familia katika nyanda za juu za Mbulu, ambako Wairaqw ndio wakazi wengi, hakieleweki bila kumtaja ng'ombe. Kwa desturi, mifugo ililala ndani ya nyumba au katika zizi lililo karibu kabisa na nyumba. Usalama ulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba samadi ilipatikana mahali pamoja, ikakusanywa na kupelekwa katika mashamba yanayoizunguka nyumba.

Mzunguko wenyewe ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuutekeleza. Mahindi huvunwa, mabua yakapewa ng'ombe. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi. Samadi hurudishwa shambani, nalo shamba hutoa mahindi tena. Maharage yanayopandwa pamoja na mahindi huchukua naitrojeni ya hewani, kwa msaada wa bakteria waishio katika mizizi yake, na kuiacha sehemu yake ardhini. Maboga hutambaa chini na kufunika udongo usikaushwe na jua wala kuchukuliwa na mvua. Viazi vitamu hupandwa katika matuta, na matuta hayo pia huzuia maji yasiteremke kwa kasi katika miteremko.

Familia isiyo na ng'ombe nayo haikuachwa nje ya mzunguko huu. Kuna desturi ya muda mrefu ya mwenye mifugo mingi kumkabidhi jirani au ndugu ng'ombe wa kumtunza. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi, huku mnyama akibaki mali ya mwenyewe. Mwenye mifugo hupunguza hatari ya kupoteza kundi zima ugonjwa unapoingia katika zizi moja, na asiye na mifugo hupata rutuba ya shamba lake.

Watafiti wa ndani na nje ya nchi wameandika mengi kuhusu kilimo hiki. Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2004, alipinga maelezo yaliyozoeleka kwamba Wairaqw walilazimika kulima kwa bidii kubwa kwa sababu tu walizingirwa na maadui na kukosa pa kwenda. Alionesha kuwa mashamba hayo yalijengwa kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, kutokana na kazi za kila siku za kulima, kurutubisha na kuongoza maji.

Kwa maneno mengine, rutuba ya mashamba hayo ni akiba iliyowekwa na watu wengi kwa muda mrefu. Akiba ya namna hiyo inaweza kutumika ikaisha.

Somo la ngano ya Hanang

Jirani na Mbulu, katika Wilaya ya Hanang, taifa lilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) liliendesha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Mashamba hayo yalifikia saba, yakachukua takriban ekari 100,000, na kwa miaka kadhaa yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyozalishwa nchini.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, ambao waliondolewa ili kupisha matrekta. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu ilikipa kijiji ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Kilimo chenyewe kilitegemea mitambo, vipuri, mafuta na viuatilifu kutoka nje. Msaada wa Kanada ulipofikia ukomo mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yaliyumba, na baadaye Serikali ikaamua kuyabinafsisha.

Si haki kuhitimisha kutokana na mfano huo kwamba shamba kubwa halifai popote. Linalojitokeza ni kwamba shamba linaloishi kwa pembejeo za mbali husimama au huanguka kwa maamuzi ya mbali. Shamba la familia linalopata mbolea zizini kwake lina matatizo yake, lakini halisimami kwa sababu meli imechelewa bandarini.

Si kila cha kijijini ni cha asili

Pamoja na sifa hizo, mlaji wa mjini anapaswa kujihadhari na dhana kwamba kila kitokacho kijijini ni salama na hakina kemikali. Dhana hiyo imewatajirisha wauzaji wajanja na kuwapotosha wanunuzi.

Kilimo hai, kwa maana inayotambulika kimataifa, ni kilimo kisichotumia mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kinachotunza udongo, maji na viumbe kwa makusudi. Mkulima aliyeshindwa tu kununua dawa msimu huu, lakini akaitumia msimu uliopita, hajawa mkulima wa kilimo hai. Ni mkulima aliyekosa fedha.

Mbulu yenyewe inajulikana kwa vitunguu saumu, zao linaloleta fedha taslimu kwa familia nyingi. Mazao ya biashara ya namna hiyo ndiyo yanayomshawishi mkulima kukimbilia dukani anapoona dalili ya wadudu au ukungu, kwa kuwa hasara ya msimu mmoja inaweza kumfukuzisha mtoto shule.

Utafiti wa Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga Kaskazini mwa Tanzania, uliwaonesha wakulima wakitumia viuatilifu vya aina nyingi, zaidi ya nusu vikiwa vya kuua wadudu. Asilimia 68 ya wakulima walisema waliwahi kujisikia kuumwa baada ya kunyunyizia dawa. Takwimu hiyo inakumbusha kwamba wa kwanza kudhurika na dawa ni mwenye bomba mgongoni, kabla ya mlaji aliye mbali.

Hatari nyingine haitoki dukani kabisa. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumukuvu uliibuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia. Sumukuvu hutengenezwa na fangasi wanaoota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa zisipokauka vizuri au zikihifadhiwa mahali penye unyevu. Mahindi yaliyokuzwa kwa samadi bila tone la kemikali yanaweza kuwa na sumu hiyo yakivunwa na kuhifadhiwa vibaya.

Kwa hiyo chakula bora cha kienyeji ni kile kilicholimwa vizuri na pia kukaushwa, kuchambuliwa na kuhifadhiwa vizuri. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, punje zilizovunjika na zenye ukungu zitolewe, na mazao yahifadhiwe yakiwa yamekauka kabisa. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa huwaua wadudu waharibifu bila kuongeza dawa yoyote, na hivyo humfaa mkulima anayetaka kuuza nafaka isiyowekwa kemikali ghalani.

Mnadani na mzigo wa lumbesa

Soko la mkulima si jambo geni Mbulu wala Hanang. Mnada umekuwepo kwa miaka mingi kabla ya wakazi wa miji ya Ulaya na Marekani kuanza kuona fahari kununua mboga kutoka kwa mkulima mwenyewe. Siku ya mnada, watu hutoka vijiji vya jirani wakiwa na ng'ombe, mbuzi, kuku, nafaka, maharage na asali, nao wafanyabiashara huja na nguo, sufuria na vifaa vya shambani. Moshi wa nyama choma hutangaza mahali ulipo kabla mgeni hajauliza njia.

Faida ya mnada kwa mlaji ni kwamba muuzaji na mnunuzi hutazamana usoni. Anayenunua maharage anaweza kuuliza yamevunwa lini, yamekaa wapi na kama yametiwa dawa. Aliyedanganywa leo anajua pa kumpata muuzaji mnada ujao. Huo ni uhakiki wa ubora usiohitaji karatasi.

Uhakiki huo hukoma pale gunia linapopakiwa kwenye lori. Mfanyabiashara anayenunua kwa ajili ya masoko ya mbali hutafuta wingi na bei, na hana sababu ya kutenga mazao ya shamba moja na jingine. Hapo pia ndipo lumbesa inapoingia. Gunia hujazwa na kuongezwa kilemba juu hadi kupita kipimo, kisha hulipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo, na kisheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, lakini mkulima mwenye shida ya fedha ya haraka hana nguvu ya kubishana na mnunuzi mwenye lori.

Kutegemea soko la mbali tu kuna hatari nyingine, na wakulima wa Manyara wanaikumbuka. Mbaazi, zao linalolimwa sana Babati na maeneo jirani, ziliuzwa kwa wingi India. Mwaka 2017 India ilipowekea kikomo uagizaji wa zao hilo, bei ilianguka vibaya na mazao yakabaki mikononi mwa wakulima. Mbaazi ni chakula kizuri chenye protini nyingi, lakini Watanzania waliokuwa wakizila walikuwa wachache mno kuweza kuliokoa soko. Laiti mlaji wa mjini angekuwa na mazoea ya kuzila, hasara isingekuwa kubwa kiasi kile.

Alama ya Kilimohai

Swali linalobaki ni namna ya kubeba uaminifu wa mnadani hadi katika soko la mjini, mamia ya kilomita kutoka shambani.

Jibu mojawapo lipo tangu mwaka 2007, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai pamoja na alama yake, inayoitwa Kilimohai. Bidhaa yenye alama hiyo inapaswa kuwa imezalishwa kwa kufuata kiwango hicho, iwe imetoka Tanzania, Kenya au Uganda. Hapa nchini, chombo kinachowaunganisha wadau wa sekta hii ni Tanzania Organic Agriculture Movement (TOAM), kilichoanzishwa mwaka 2005.

Kikwazo kikubwa kwa mkulima mdogo ni gharama. Kumwita mkaguzi wa kampuni ya ithibati kwa ajili ya ekari mbili za maharage kunaweza kugharimu kuliko thamani ya maharage yenyewe. Ndiyo maana njia hiyo imewafaa zaidi wazalishaji wa mazao ya kuuza nje, kama kahawa na viungo, ambao huthibitishwa kwa makundi makubwa chini ya chama cha ushirika au kampuni.

Kwa soko la ndani ipo njia nyepesi, ambayo ni mfumo shirikishi wa uhakiki. Wakulima wa eneo moja huunda kikundi, hukubaliana masharti na hukaguana wenyewe kwa wenyewe mashambani, na wanunuzi wanaweza kushiriki ukaguzi huo. Kumbukumbu huandikwa na wanaovunja masharti huondolewa. Kikundi kilichokidhi vigezo huruhusiwa kutumia alama ya Kilimohai.

Mfumo huo unaelekea kufaa mahali kama Masieda kwa sababu moja ya wazi. Unategemea majirani wanaojuana na kutembeleana mashambani, na hilo si jambo la kuagizwa kutoka nje. Jirani anajua nani alikuwa na bomba la dawa wiki iliyopita.

Serikali nayo imeonesha mwelekeo. Novemba 2023 ilizinduliwa mikakati ya taifa ya kilimo ikolojia hai, itakayotekelezwa hadi mwaka 2030. Wakati huo huo, tangu msimu wa 2022/2023, Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea za viwandani kufuatia kupanda kwa bei duniani. Hatua hiyo ililenga kumnusuru mkulima na ina sababu zake, lakini matokeo yake ni kwamba mfuko wa dukani una msaada wa bajeti, ilhali samadi ya zizini inabebwa na nguvu za familia peke yake.

Ng'ombe akiondoka, udongo hufuata

Mashamba ya Mbulu yanazidi kugawanywa kadiri familia zinavyoongezeka. Shamba likigawanywa kwa watoto watatu au wanne, eneo la malisho ndilo hupungua kwanza. Malisho yakipungua, ng'ombe hupunguzwa. Ng'ombe wakipungua samadi hupungua, na shamba lililotegemea samadi hudai mbolea ya kununua.

Historia inaonesha kuwa hofu hii si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, utawala wa Waingereza uliendesha mpango wa maendeleo wa Mbulu uliowataka wananchi wapunguze mifugo, huku mapori yenye mbung'o yakifyekwa ili watu wapate mahali papya pa kuhamia. Wakati huo ardhi ya kufungua ilikuwapo. Leo haipo kwa kiasi kile, na bonde la jirani la Yaeda ni makazi ya Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kulinda ardhi yao ya kuwinda na kukusanya chakula. Mkulima hawezi tena kutatua tatizo la rutuba kwa kuhama. Lazima alitatue pale alipo.

Hapo ndipo mlaji wa mjini anapoingia katika habari hii kama mshiriki. Bei anayolipa ndiyo humwezesha mkulima kumbakiza ng'ombe, kuchimba makinga maji na kukausha mahindi kwa subira badala ya kuyauza mabichi kwa mwenye lori.

Hatua za kuchukua hazihitaji utajiri. Ya kwanza ni kuuliza. Muuzaji anayeulizwa kila siku bidhaa yake imetoka wapi atalazimika naye kumuuliza aliyemletea. Ya pili ni kutafuta alama ya Kilimohai na kutokubali neno "asilia" lililoandikwa tu kwenye kifungashio kama uthibitisho. Ya tatu ni kununua kwa msimu na kwa wingi unaowezekana. Familia tatu au nne za mtaa mmoja zinaweza kuagiza pamoja magunia ya maharage au mahindi kutoka kwa kikundi kinachojulikana, kwa kipimo cha mizani na si lumbesa, zikagawana gharama za usafiri.

Ya nne ni kula zaidi vyakula ambavyo mashamba haya huzalisha bila kulazimishwa. Uji wa ulezi, ugali wa dona ambao haujaondolewa kiini na pumba, makande ya maharage, mbaazi, viazi vitamu, maboga, mnavu na mgagani, pamoja na maziwa ya mgando kutoka kibuyuni, ni vyakula ambavyo wakazi wengi wa mijini waliviacha kwa kuviona vya kishamba. Baadhi yao sasa hununua nafaka za mbali zilizofungwa katika pakiti za rangi, wakishauriwa na wataalamu wa lishe kula nafaka isiyokobolewa.

Wahenga walisema, jembe halimtupi mkulima. Bado soko laweza kumtupa, tena bila mnunuzi yeyote kukusudia, ikiwa kila anayesimama mbele ya gunia atauliza bei tu na kuondoka.